Mafunzo kwa Vitendo Mtwara na Lindi: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uzamili wa Kazi za Vijana na Jamii

Wanafunzi wa uzamili wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo katika mikoa ya Mtwara na Lindi hutofautiana na wale wa shahada ya kwanza, na tofauti hiyo huyafanya maandalizi yao yawe magumu zaidi. Wengi wao ni watumishi tayari: yumo afisa maendeleo ya jamii aliyetoka mkoa mwingine, mwalimu wa sekondari, mratibu wa asasi ya vijana. Wamezoea kuitisha mikutano, kutia saini nyaraka na kusubiriwa na watu. Wanapofika kijijini, ugeni wa mahali hauwasumbui sana kama unavyowasumbua ugumu wa kukubali kwamba wamekuwa wanafunzi tena. Nimewasimamia wanafunzi wa namna hii kwa miaka kadhaa, na ushauri wote uliomo katika mwongozo huu unatokana na imani moja, kwamba mafunzo kwa vitendo ni mahali pa kusahihishwa, na kwamba mwanafunzi anayepanga siku zake vizuri ni yule anayejiwekea nafasi nyingi za kusahihishwa kabla makosa yake hayajamgharimu mtu mwingine.

Ninachukulia kwamba muda wako ni wiki kumi hivi. Kama una wiki sita, usijaribu kubana mambo yote humu ndani yake. Punguza malengo, usipunguze siku za kusikiliza.

Kuchagua majira

Korosho ndiyo inayopanga mwaka wa watu wa huku, na anayepanga ratiba ya mafunzo bila kuiuliza korosho atakaa peke yake chini ya mwembe akisubiri vijana ambao wako shambani. Kuanzia Juni hadi Agosti vijana hupulizia mikorosho salfa, kazi inayofanywa alfajiri wakati umande ungali majanini na upepo umetulia, hivyo mchana huwa na nafasi. Kuanzia Oktoba korosho zinaokotwa, na minada ya vyama vya msingi vya ushirika chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho za wakulima hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, huendelea mpaka karibu na mwisho wa mwaka au baada yake. Katika miezi hiyo kijana yuko shambani tangu asubuhi, na jioni yuko kwenye ghala akifuatilia malipo. Ni majira mabaya ya kufanya majadiliano ya vikundi, lakini ni majira mazuri mno kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa jinsi fedha zinavyoingia mikononi mwa vijana na zinavyotoka.

Ukiwa upande wa Lindi, hasa Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Kilwa, ongeza hesabu ya ufuta, ambao uvunaji wake huanguka karibu na miezi ya Mei hadi Julai. Ukiwa pwani, iwe Msimbati, Msangamkuu, Sudi, Kilwa Kivinje au Songosongo, kalenda ya ukutani haitakutosha, kwa kuwa vijana wa huko wanahesabu bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kutoka sana na siku ambazo husogea kidogo tu. Wakati wa bamvua maji hutoka sana, miamba huachwa wazi, na kila mwenye nguvu yuko kwenye pweza. Ukiitisha kikao siku hiyo umewaomba watu waache chakula chao. Muulize mvuvi yeyote ni lini mwezi utaandama, kisha upange vikao vyako katika siku za maji mafu. Mwezi wa Ramadhani nao, katika vijiji vingi vya pwani, hubadilisha saa zote za kazi na mapumziko.

Mvua huanza kunyesha Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili au mwanzoni mwa Mei. Barabara kuu inayoiunganisha mikoa hii na Dar es Salaam inaweza kukatika, kama ilivyotokea eneo la Somanga mwaka 2024, na barabara za vumbi zinazoingia vijijini hukatika mapema zaidi. Kama chuo chako kinakuachia uamuzi, ningechagua wiki kumi zinazoanza katikati ya Mei: barabara zimekauka, korosho bado hazijaanza kuanguka, na vijana wanaopulizia alfajiri wanaweza kupatikana alasiri. Kumbuka tu kwamba shughuli nyingi za jando na unyago hufanyika baada ya mavuno na nyakati za likizo za shule, na kwamba kijiji chenye wali, yaani vijana waliowekwa ndani kwa mafunzo hayo, kina mambo yake ambayo mgeni hapaswi kuyaingilia.

Kituo na msimamizi wa kituoni

Kituo kizuri hakipimwi kwa ukubwa wa ofisi. Idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inafaa, asasi ndogo yenye mpango mmoja wa vijana inafaa, na hata kata yenye afisa maendeleo ya jamii mmoja anayezungukia vijiji kwa pikipiki inafaa sana, mradi yuko mtu mmoja aliyekubali kwa maandishi kukaa na wewe saa moja kila wiki. Bila mtu huyo, unachofanya ni kuishi tu kijijini. Kabla ya kusafiri, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema utafanya kazi siku zipi, nauli ya kwenda vijijini inalipwa na nani, ni mambo gani huruhusiwi kuyafanya ukiwa peke yako, na ni nani atakayepigiwa simu ukiugua. Ukurasa huo msome kwa sauti, wewe na msimamizi wa chuo na msimamizi wa kituoni, kwa sababu maneno ambayo kila mmoja alidhani anayaelewa ndiyo yanayoleta ugomvi wiki ya tano.

Njia ya barua

Kibali huanzia chuoni. Chuo humwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, naye hukuelekeza wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ambaye hukuandikia barua kwenda kwa Mtendaji wa Kata, na huyo hukufikisha kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Mwanafunzi asiye raia anahitaji pia kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mada inayogusa afya za watu huhitaji idhini ya maadili inayopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anza mapema, barua inayotembea ngazi tano haifiki kwa siku mbili. Toa nakala nyingi za kila barua yenye muhuri, kwa sababu kila ofisi itabaki na moja.

Watu huiona safari hii ya barua kama usumbufu. Mimi naiona kama somo la kwanza, na mwanafunzi anayelisoma vizuri hujua nani anamheshimu nani katika wilaya ile kabla hajamhoji mtu hata mmoja. Kaa kwenye benchi la nje ya ofisi, saini kitabu cha wageni, sikiliza wananchi waliokuja wanalalamikia nini. Na usiishie kwa Mtendaji, ambaye ni mwajiriwa na huenda naye ni mgeni kama wewe. Nenda kwa Mwenyekiti wa Kijiji, kisha kwa Mwenyekiti wa Kitongoji utakachofanyia kazi, kwa sababu huyo ndiye atakayeulizwa jioni na majirani, "Yule anayezunguka na daftari ni nani?"

Katika vijiji vilivyo kando ya mto Ruvuma swali hilo ni zito. Mto huo ndio mpaka na Msumbiji, na baada ya shambulio la Oktoba 2020 la wapiganaji waliovuka kutoka huko na kuingia kijiji cha Kitaya, Mtwara, mgeni anayeuliza vijana wanavuka mto kwenda wapi na wanarudi lini anasikika vingine kabisa kuliko alivyokusudia. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa na maswali mazuri kuhusu biashara ndogo za mpakani aliitwa kujieleza kwa sababu aliyauliza kabla hajatambulishwa kitongojini. Hakuonewa, wananchi walifanya walichopaswa kufanya, na siku iliyofuata, baada ya Mwenyekiti kumtambulisha kwenye kikao, watu walewale walimjibu.

Wiki mbili bila dodoso

Katika wiki mbili za mwanzo usifungue dodoso wala kinasa sauti. Pangisha chumba kijijini au karibu nacho, si katika nyumba ya wageni ya mjini unakorudi kila jioni. Jifunze salamu, ukimpa shikamoo kila aliyekuzidi umri hata kama cheo chako ni kikubwa, piga hodi na usubiri ukaribishwe, na ukipewa ming'oko na chai usiseme umeshiba. Ukiulizwa umekuja kufanya nini, sema maneno yaleyale kila mara, kwa Mwenyekiti na kwa mtoto: "Ni mwanafunzi. Nimekuja kujifunza kazi za vijana hapa kijijini kwa wiki kumi. Sina mradi, na sina fedha za kugawa." Sentensi ya mwisho itawakatisha tamaa baadhi ya watu, na ni heri wakate tamaa siku ya kwanza kuliko siku ya mwisho.

Zunguka na kijana wa pale. Mwombe akuonyeshe kijiji kama anavyokiona yeye: kijiwe cha bodaboda na zamu zake, ghala la chama cha msingi, uwanja wa mpira, kibanda cha kuonyesha mpira, sehemu wanakopikia uraka, yaani pombe ya mabibo, msimu wake ukifika, mahali pa maji. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni jambo la kulitazama kwa makini sana, kwa kuwa foleni ya ndoo inaeleza mengi kuhusu siku ya msichana kuliko majibu yoyote atakayokupa akiwa amekaa mbele yako. Kisha zunguka tena na msichana, au na mama aliyekubali kuongozana nawe, upite njia ileile. Utashangaa jinsi kijiji kilivyo kingine.

Kuhusu lugha, vijana wote wa huku wanazungumza Kiswahili, na mwanafunzi huweza kudanganyika akadhani ameelewa kila kitu. Wazee wakianza kujadiliana jambo zito hurudi kwenye Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera, na vijana nao wakikasirika hufanya hivyohivyo. Tafuta mkalimani asiye kiongozi. Mtendaji wa Kijiji akikutafsiria maneno ya kijana anayelalamikia ofisi ya kijiji, umemweka kijana mahali pabaya.

Lipo pia jambo la ukoo. Kwa asili, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera hufuata ukoo wa upande wa mama, na ingawa dini, shule na mji vimebadilisha mengi, mjomba bado ana neno katika nyumba nyingi. Mwanafunzi aliyezoea kwamba baba akikubali mambo yamekwisha anaweza kukuta ridhaa aliyoipata Jumatatu imeondolewa Jumatano, bila mtu kumweleza kwa nini. Uliza mapema, kwa adabu, nani anashauriwa juu ya kijana huyu.

Daftari la kila siku

Kama ningelazimishwa kubakiza kitu kimoja katika mafunzo yote, ningebakiza daftari. Nunua daftari gumu la kaunta. Ukurasa wa kushoto andika ulichoona na ulichosikia, kwa maneno ya waliosema, pamoja na saa na mahali. Ukurasa wa kulia andika ulichofikiri, ulichohisi na ulichodhani. Usichanganye. Andika jioni ileile, hata kama umechoka na taa ni ya simu, kwa kuwa kesho yake akili itakuwa imeshalainisha yaliyotokea yafanane na ulichokitegemea.

Tuchukue mfano wa kikao cha kikundi cha vijana kinachotaka kuomba mkopo wa halmashauri. Kushoto mwanafunzi ameandika: "Kikao kilianza saa 9 alasiri chini ya mwembe wa shule. Vijana 14, wavulana 9, wasichana 5. Wasichana walikaa nyuma. Hakuna aliyezungumza kati yao. Wawili waliondoka saa 10 kabla kikao hakijaisha." Kulia ameandika: "Wasichana hawana mwamko. Wanahitaji semina ya kujiamini." Hapo ndipo msimamizi anapochukua penseli na kuandika pembeni: "Umejuaje? Saa ya kikao ilipangwa na nani? Wawili walikwenda wapi?"

Mwanafunzi akirudi kuuliza, huenda akagundua kwamba saa 10 ndiyo saa ya zamu ya maji, kwamba saa ya kikao ilipangwa na wenye pikipiki kwa kuwa abiria ni wachache alasiri, na kwamba katibu wa kikundi ni mmoja wa wale wasichana walioondoka, naye ndiye anayetunza katiba na kitabu cha hesabu, na maamuzi yalishazungumzwa usiku uliotangulia nyumbani kwa mweka hazina. Semina ya kujiamini ingekuwa matusi. Kilichohitajika ni kikao cha saa 4 asubuhi. Ukurasa wa kulia usiufute ukishajua ulikosea. Piga mstari mmoja tu, andika tarehe ya siku uliyojua, na uache kosa lisomeke, kwa sababu katika ripoti yako ya mwisho safari ya kutoka dhana ya kwanza hadi ya tatu ina thamani kuliko jedwali lolote.

Majina ya watu yasiwemo katika daftari. Tumia alama unazozijua mwenyewe, na karatasi inayofafanua alama hizo itunze mahali pengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata ukiwa mwanafunzi, na inahusu pia picha ulizopiga kwa simu na orodha ya namba za vijana uliyoikusanya. Hata kama sheria hiyo isingekuwepo, daftari husahaulika kwenye kiti cha basi.

Saa moja ya usimamizi

Kikao cha kila wiki na msimamizi wa kituoni si cha kuhesabu kazi zilizofanyika. Nenda nacho kitu kimoja kilichokusumbua wiki hiyo, ukurasa wake ukiwa wazi, na umwachie asome kushoto kabla ya kulia. Wasimamizi wengi wa halmashauri ni watu wenye kazi nyingi mno, na kishawishi chao ni kukupa jibu: "Hawa vijana ndivyo walivyo." Mwombe akueleze mara ya mwisho alipokuta jambo kama hilo alifanya nini, na lilikwendaje. Humo ndimo ujuzi wake ulimo. Kwa wasimamizi wanaosoma haya, ombi langu ni kwamba saa hiyo msiifute kwa sababu ya ugeni wa kiongozi ofisini. Mkikosa kuonana, simu ya dakika ishirini jioni inatosha, lakini wiki tatu za ukimya humfanya mwanafunzi aliyepotoka aamini yuko njiani.

Msimamizi wa chuo, ambaye kwa kawaida huja mara moja au mbili, asitumie ziara yake kukagua saini za mahudhurio tu. Aende kijijini. Akae pembeni mwanafunzi anapoongoza kikao, na jioni wazungumze.

Ridhaa, umri na mambo ya siri

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtaja kijana kuwa mtu wa umri wa miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo vijana wako wa miaka 15, 16 na 17 ni watoto kisheria, na unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwa kijana mwenyewe. Kimoja hakikitoshelezi kingine. Mzazi aliyekubali hawezi kumlazimisha kijana aliyenyamaza, na kijana anayejibu "sawa" huku akitazama chini hajakubali. Mpe nafasi ya kukataa bila aibu: mwambie anaweza kukuambia kesho, au amtume rafiki.

Tenganisha vikundi. Wavulana na wasichana, walio shuleni na waliomaliza, waliooa na wasiooa. Kijana wa miaka 33 mwenye watoto watatu na pikipiki yake haketi na wa miaka 16 wakazungumza sawasawa.

Yapo mambo ambayo mwanafunzi huyauliza bila kujua uzito wake. Kangomba, yaani kununua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi na mara nyingi kwa kipimo cha kumpunja, ni kosa, na kijana anayekusimulia kwamba alibeba magunia usiku amejiweka hatarini kwa kukuamini. Usiandike jina, kijiji wala tarehe. Gesi nayo bado ina kumbukumbu. Bomba linalopeleka gesi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, baada ya ghasia za mwaka 2013 mjini Mtwara, na wako watu wazima leo waliokuwa vijana wakati huo, walioahidiwa mengi na kuona mengi. Ukisikia kicheko kifupi unapotamka neno "fursa", huenda kinatokea huko. Usilazimishe mazungumzo, akianza mwenyewe, sikiliza.

Kuhusu jando na unyago, usiombe kuingia wala usimwombe msichana akueleze alichofundishwa. Kama mada yako inagusa malezi, zungumza na makungwi wenyewe, kwa kufuata taratibu zao, na ukubali wakikuambia mpaka wake ni upi. Wanafunzi wengi huja na hukumu tayari, ama ya kulaumu ama ya kusifia, na zote mbili huwafunga watu midomo.

Na kijana akikusimulia ukatili aliotendewa? Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza kwa mtoto aliye hatarini. Kabla ya wiki ya tatu uwe umeshaonana na afisa ustawi wa jamii, umeshajua Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko kituo gani, na unaijua namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto. Mweleze kijana hatua inayofuata kabla hujaichukua, usimhoji kama mpelelezi, na umpigie msimamizi wako siku hiyohiyo. Usingoje kikao cha wiki.

Kuchora ardhini

Mikoa hii ina historia ya mbinu shirikishi ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua kabla hajadhani analeta jambo jipya. Mtafiti Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, ambaye katika miaka ya 1970 alishiriki katika utafiti wa Jipemoyo huko Bagamoyo uliowafanya wanavijiji kuwa watafiti wa maisha yao wenyewe, aliacha athari kubwa katika fani hii, na katika miaka ya 1990 RIPS, mradi wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Finland, ulitumia mbinu za namna hiyo kwa upana Mtwara na Lindi. Wapo wazee wanaokumbuka ramani zilizochorwa ardhini kwa vijiti. Waulize zilikwenda wapi, na yaliyokubaliwa yalifanyika au hayakufanyika. Majibu yao yatakufundisha jinsi ya kufanya zamu yako.

Fanya hivi. Chagua uwanja wenye kivuli na mchanga laini. Mpe kijana mmoja kijiti, kisha wewe kaa chini. Ukisimama na kushika kijiti wewe, ramani itakuwa yako. Waanze na wanachokitaka wao, ambacho mara nyingi ni barabara au msikiti, halafu waongeze nyumba, mashamba, maji, vijiwe, mahali wanapojisikia salama na mahali wasipopita usiku. Majivu, maganda ya korosho na mabua hutosha kuwa alama. Vijana wachore peke yao, wazee peke yao, kisha wakae pamoja waangalie ramani mbili. Mabishano yatakayotokea hapo ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo usiyakatize ili uendelee na ratiba. Mwishoni kijana mwenye mwandiko mzuri anakili kwenye karatasi kubwa mbili, moja ibaki kijijini, nyingine uondoke nayo.

Kalenda ya msimu hufuata utaratibu uleule, kwa kuweka punje za korosho kwenye miezi: kazi nyingi, fedha nyingi, njaa, magonjwa, safari za kwenda Dar es Salaam. Ifanye mapema, katika wiki ya tatu, maana itakusahihishia ratiba yako yote iliyobaki.

Kazi ndogo, isiyo yako

Wiki ya nne hadi ya nane chuo kitataka uonyeshe umefanya nini. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea, na niliwahi kulishiriki. Nilimruhusu mwanafunzi mwenye bidii kuanzisha banda la kuku kwa kikundi cha vijana, kwa fedha alizochangisha kwa marafiki zake. Alipoondoka kuku walikuwa hai. Baada ya miezi miwili kideri kilipita, hakuna aliyekuwa amefundishwa chanjo, na kikundi kilichokuwa na miaka mitatu kikavunjika kwa kulaumiana. Mwanafunzi alipata alama nzuri, na jambo hilo linaniumiza mpaka leo.

Tangu hapo nawataka wanafunzi wajiunge na kazi iliyokwisha kuanza na inayoweza kuendelea bila wao. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na vikundi vingi vya vijana hukwama kwenye katiba, kwenye kitabu cha hesabu na kwenye kueleza biashara yao kwa maandishi. Kukaa na katibu wa kikundi jioni nne, yeye akishika kalamu na wewe ukiuliza maswali tu, ni kazi halali ya kiwango cha uzamili. Muulize afisa wa halmashauri utaratibu wa sasa. Usitegemee mwongozo wa zamani ulioukuta kabatini.

Suala la posho litajitokeza. Msimamo ninaoushauri ni kurudisha nauli kwa aliyetoka mbali, kutoa maji na kitu cha kutafuna kwa wote, na kutomlipa mtu kwa kuzungumza, na msimamo huo uelezwe na Mwenyekiti kabla ya kikao cha kwanza.

Mrejesho

Tenga wiki ya tisa kwa mrejesho, kabla hujaandika sura ya mwisho ya ripoti. Andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, bila istilahi za darasani, na uziwasilishe kwanza kwa vijana uliofanya nao kazi, wao peke yao. Wakuambie ni lipi si kweli, lipi ni kweli lakini halifai kusemwa mbele ya wazee, na lipi umelisahau. Kisha, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, ziwasilishe katika kikao cha Halmashauri ya Kijiji au katika mkutano mkuu wa kijiji kama umeangukia ndani ya muda wako. Soma polepole. Kijana mmoja awe pembeni yako na ramani.

Watu watakupinga, na pengine mzee atasimama aseme kwamba namba ya kaya si sahihi, au kwamba jambo uliloliita uzembe wa vijana lilianza na shamba la kijiji kugawanywa vibaya. Andika kila pingamizi mbele yao, kwa maneno yao, na uyaweke katika ripoti kama sehemu yake kamili, si kama kiambatisho.

Nakala moja ya ripoti ibaki kwa Mtendaji wa Kijiji, moja kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, moja kwa kikundi. Siku ya kuondoka rudi kwa Mwenyekiti wa Kitongoji ukaage, saini tena kitabu cha wageni, na uwaeleze vijana waziwazi kama utarudi au hutarudi. Baada ya hapo utapigiwa simu: ya kuomba mchango wa msiba, ya kuuliza jibu la mkopo, ya kukusalimu tu. Zipokee. Swali la mkopo lielekeze kwa afisa wa kata kwa jina la ofisi yake, na umwambie aliyepiga siku na saa ambayo afisa huyo huwa anapatikana.